Kura na Mtihani

Mpwa wangu mmoja, kijana aliyesoma hadi chuo kikuu na ambaye nampenda kama mwanangu, ana neno analolirudia kila uchaguzi unapopita. Husema, "Mjomba, mtu asiyejua hata Bunge linafanya kazi gani anapewaje kura sawa na yangu? Watu wapewe mtihani wa akili kwanza. Atakayefaulu apige kura, atakayeshindwa akae nyumbani." Kisha huongeza kwamba kura za wasiojua kitu hununuliwa kwa fulana, kanga na kilo ya sukari.

Siandiki ili kumcheka. Mimi nilikuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka thelathini, nikatunga mitihani na kuisahihisha mpaka macho yakachoka. Kama yupo mtu ambaye angefurahi kuona mitihani inaheshimiwa, ni mimi. Tena wapo wanafikra wakubwa waliosema kama yeye. Mwaka 1861 Mwingereza John Stuart Mill aliandika kwamba asiyejua kusoma, kuandika na kuhesabu asipige kura, na kwamba mwenye elimu kubwa apewe kura zaidi ya moja. Hoja ya namna hii inastahili kujibiwa, haistahili kudharauliwa.

Jibu langu la kwanza ni kwamba jambo hilo limekwisha kujaribiwa, tena hapa kwetu.

Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, serikali ya kikoloni haikumpa kura kila mtu mzima. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au awe na cheo fulani kinachotambuliwa. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Akina mama wengi wa Dar es Salaam waliotembea nyumba kwa nyumba na Bibi Titi Mohamed kuijenga TANU hawakuwa na darasa la nane wala shilingi 3,000. Waliitengeneza siasa ya nchi hii kwa miguu yao, na siku ya kura wakabaki nje.

Baba yangu naye alibaki nje. Alikuwa mkulima wa pamba Usukuma, hakujua kusoma hata jina lake. Lakini wakulima wale walipoona mizani ya wanunuzi inawapunja, hawakungoja msomi aje kuwaeleza. Walijichagulia watu wao wa kusimama mizanini na kuhakikisha uzito, na katika miaka ya 1950 wakajenga vyama vya ushirika ambavyo Paul Bomani aliviongoza. Baba alihudhuria vikao hivyo. Aliweza kuhesabu kichwani bei ya magunia yake kabla karani hajamaliza kuchonga penseli. Kwa sheria ya 1958, karani alikuwa na akili ya kupiga kura, baba hakuwa nayo. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa: sasa ilitosha kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na kipato cha shilingi 1,500. Baba akabaki nje mara ya pili.

Majirani zetu wa Kenya walipimwa kwa kipimo kingine. Katika uchaguzi wa 1957, wa kwanza kwa Waafrika kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, mtu alihesabiwa elimu, kipato, mali na utumishi wake, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu. Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru likaongezwa sharti jingine: cheti cha uaminifu kwa serikali. Hapo, msomaji wangu, utaona jinsi mambo haya yanavyoteleza. Kipimo kilichoanza kwa kuuliza "umesoma?" kilimalizia kwa kuuliza "unatutii?"

Hilo halinishangazi. Kila mtungaji wa mitihani anajua kwamba mtihani hupima kwanza umbali uliopo kati ya mtahiniwa na mtungaji. Mtoto aliyekulia nyumba yenye vitabu hujibu swali langu haraka kwa sababu swali limetoka katika dunia yake. Hebu tuugeuze mtihani, wautunge wanakijiji. Waulize: kisima cha kitongoji hiki kimeharibika tangu mwezi gani? Mjamzito akishikwa na uchungu usiku hupelekwa kwa chombo gani, na kwa nauli kiasi gani? Pembejeo za mwaka jana zilifika kabla ya mvua au baada yake? Sidhani kwamba maofisa wetu wengi wangepata alama ya kupita. Na hayo ndiyo mambo ambayo serikali huchaguliwa kuyashughulikia.

Jibu langu la pili ni zito zaidi, nami naomba mpwa wangu alitafakari. Mtihani wa kura huwapa watawala sababu ya kupenda ujinga.

Tutazame jimbo la Louisiana, Marekani. Mwaka 1896 watu weusi walioandikishwa kupiga kura huko walikuwa 130,334. Mwaka 1898 ikaletwa katiba mpya iliyodai kujua kusoma na kuandika, au kuwa na mali, lakini ikawasamehe wale ambao baba zao au babu zao walikuwa na haki ya kura kabla ya 1867, yaani wazungu. Mwaka 1900 weusi walioandikishwa walibaki 5,320. Sasa jiulize: katika nchi ya namna hiyo, mtawala atajenga shule za watoto weusi kwa ajili gani? Kila mtoto atakayejua kusoma ni kura moja itakayomgeukia. Akimwacha gizani, anajilinda. Mitihani ya aina hiyo ilidumu katika majimbo ya Kusini mpaka sheria ya haki ya kura ya 1965 ilipoanza kuisimamisha.

Mwaka huohuo wa 1965, Tanzania Bara ilifanya uchaguzi wa wabunge ambao haukumwuliza mpiga kura darasa lake. Kilikuwa chama kimoja, hilo nalikiri, lakini palipokuwa na ushindani watu wawili walisimama, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Baba alikwenda. Na watu hawa walioambiwa hawana akili ya kura walifanya nini? Paul Bomani, Waziri wa Fedha, yuleyule wa ushirika wa pamba, alishindwa katika sehemu za kwetu. Derek Bryceson, Mzungu, alimshinda Mwafrika mwenzetu Dar es Salaam kwa kura nyingi sana. Miaka saba tu nyuma, wakubwa waliona lazima watu wachague kwa kugawanywa rangi. Wasiosoma walipoachiwa uamuzi, walitazama mtu.

Kisha ikafuata elimu. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba kama theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, yakaja madarasa chini ya miembe, zikaja kampeni za redio kama ile ya "Mtu ni Afya" ya 1973. Baba alijifunza kuandika jina lake akiwa mzee, akifundishwa na mtoto wa jirani. Naamini mfuatano huo una maana. Serikali iliyomtegemea baba siku ya kura ilikuwa na sababu ya kumfundisha. Ile ya kikoloni, iliyomfungia nje kwa kutosoma, haikuwa na haraka hiyo. Kura ilitangulia, shule ikafuata.

Nayo fulana na sukari je? Ni aibu, wala sina haja ya kuificha. Lakini anayenunua kura ni nani? Ni mtu mwenye fedha, mara nyingi mwenye vyeti. Ukipunguza wapiga kura kutoka elfu ishirini hadi elfu mbili, umempunguzia gharama. Badala ya sukari atatoa kazi, zabuni na safari, na wasomi wetu wanajua kuzipokea hizo. Njaa ya mnunuliwa na tamaa ya mnunuzi hazitibiwi kwa mtihani.

Kura, kwa nionavyo mimi, si zawadi ya aliyejua majibu. Ni sauti ya anayebeba mzigo. Anayelipa ushuru wa mazao, anayepeleka mwana jeshini, anayeteka maji mbali, huyo anastahili kuulizwa kwa sababu matokeo yatamwangukia yeye, awe amesoma au hakusoma.

Hata hivyo sipendi kazi yangu ya ualimu ipotee bure, kwa hiyo nampa mpwa wangu pendekezo. Mtihani uwepo, lakini aketi mgombea. Kabla ya kumpa kura asimamishwe uwanjani, wasahihishaji wakiwa wameketi chini mbele yake, akina mama wakiwamo na ndoo zao. Swali la kwanza ni la kisima, na muda wa kujibu si mrefu.