Maji, Ruhusa, Moto

Kiangazi kimetufikia hapa Kizuka, na wanafunzi wangu wanataka kupanda milima ya Vyanda na kulala huko usiku mmoja. Nimewaandikia mambo matatu. Maji: wayabebe, kwa kuwa vijito hupungua kati ya Juni na Agosti. Ruhusa: hifadhi ni mali ya umma, hivyo tutawauliza kwanza walinzi kama kulala kunakubaliwa. Moto ndio unitiao hofu zaidi. Nyasi za miombo zimekauka, na cheche moja yatosha kuteketeza makao ya sokwe. Basi tutabeba mihogo iliyochemshwa na ndagala wa kukaanga. Asiyeweza kuvumilia baridi ya usiku mmoja bila kuwasha kuni, na abaki ziwani.