Wizi Usiovunja Kioo: Barua ya Mjomba kwa Mpwa Wake

Korogwe, Tanga

Kwa mpwa mpendwa,

Mpwa afahamu kuwa nyumbani wote ni wazima, kwamba mama yake ameanza kuvuna mahindi ya bondeni, na kwamba bibi bado anasumbuliwa na magoti. Barua hii haikuandikwa kwa ajili ya hayo. Imeandikwa kwa sababu habari imefika Korogwe, tena kwa vinywa vya watu watatu wasioonana, kwamba mpwa amenunua gari kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, kwamba amekwenda nalo Dar es Salaam kubeba abiria wanaoita gari kwa simu, na kwamba kila anaposhuka huligeuzia gari mgongo, huinua rimoti juu ya bega na kubonyeza huku miguu ikiendelea na safari, wala hageuki kutazama kama milango imefunga. Mkopo haukumtisha mjomba, kwa maana mkopo hulipwa. Wala jiji halikumtisha, kwa maana vijana wengi wa Korogwe wamekwenda na wamerudi na heshima zao. Kilichomkosesha usingizi ni huo mkono unaopita juu ya bega.

Kosa la msingi liko katika kudhani kuwa rimoti ni ufunguo. Ufunguo wa chuma hufanya kazi kwa kugusa, na anayeuzungusha huhisi kiganjani kuwa kitu kimesogea ndani ya mlango. Rimoti haigusi chochote, bali ni redio ndogo inayotuma ujumbe, na kazi ya kufunga hufanywa na mota zilizomo milangoni ikiwa tu ujumbe huo umefika na umeeleweka. Teknolojia hiyo si ya jana, kwani Renault Fuego ya mwaka 1982 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuuzwa yakiwa nayo. Katika rimoti za mwanzo ujumbe ulikuwa uleule kila mara, hivyo aliyeunasa hewani aliweza kuurudia na kufungua mlango. Ndipo watengenezaji wakaleta namba badilifu, yaani namba ya siri inayobadilika kila kitufe kinapobonyezwa, ambayo rimoti na gari huihesabu kwa pamoja kwa kanuni moja, ili namba ya jana isifae leo. Vijana wengi wakisikia habari ya namba badilifu hudhani mambo yamekwisha. Hayajaisha, kwa sababu namba hiyo huzuia ujumbe kuigwa, lakini haizuii ujumbe kuzamishwa njiani.

Kuzamisha ujumbe ni jambo jepesi kuliko linavyosikika. Rimoti huongea kwa masafa maalumu, yaani idadi ya mitikisiko ya wimbi katika sekunde moja: magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya hutumia karibu megahezi 433, na yale ya Marekani na mengi ya Japani hutumia karibu megahezi 315. Mwizi aliyesimama maegeshoni akiwa na kifaa kinachopiga kelele katika masafa hayohayo, na wakati mwingine hata rimoti ya geti inayobonyezwa bila kuachiwa yaweza kutosha, hulifanya gari lisisikie ujumbe wa mwenyewe, kama vile mtu asivyoweza kusikia jina lake likiitwa karibu na mashine ya kusaga. Mwenye gari hubonyeza, huamini amefunga, huenda zake. Naye mwizi hungoja hatua ishirini, kisha hufungua mlango kama mwenye mali, bila kioo kuvunjwa wala king'ora kulia.

Mjomba hakuyajua haya kwa kusoma. Mwaka 2013 ukoo ulichanga fedha za bati kwa ajili ya nyumba ya bibi, jumla shilingi 2,800,000, na kwa kuwa aliwahi kuendesha lori kwa miaka 22 kati ya Tanga na Mwanza bila kupoteza hata turubai, yeye ndiye aliyeaminiwa kuzipeleka Kariakoo kununua bati kwa bei ya jumla. Fedha zilikuwa katika bahasha ya kaki, bahasha imefungwa ndani ya kanga ya zamani ya bibi, na kanga imesukumwa chini ya kiti cha dereva. Alipofika aliegesha pikapu, akashuka akizungumza na simu, akabonyeza rimoti huku amekwisha kuvuka barabara, akaingia dukani kuuliza bei, akakaa dakika zisizozidi kumi. Aliporudi vioo vyote vilikuwa vizima na tundu la ufunguo halikuwa na mkwaruzo; ila kijiti cha loki katika dirisha la dereva kilikuwa kimesimama wima, na chini ya kiti, katika vumbi la zulia, kulikuwa na alama safi ya mstatili mahali kanga ilipokuwa imelala.

Kuibiwa kuliuma, lakini kikao cha ukoo kiliuma zaidi. Kaka yake mkubwa aliuliza mbele ya watu wote: kioo kizima, loki nzima, fedha zimetokea mlango upi? Swali hilo halikuwa na jibu siku ile, kwa sababu mjomba mwenyewe aliapa kuwa alifunga, naye alikuwa anasema kweli kwa kadiri alivyojua. Na kadiri alivyoapa ndivyo nyuso zilivyozidi kuinama. Alilipa fedha zote kwa miezi 14, akauza ng'ombe wawili, na bati za nyumba ya bibi ndizo hizo zinazolia mvua ikinyesha. Miaka miwili baadaye fundi mmoja wa umeme wa magari mjini Tanga aliweka rimoti mbili juu ya meza yake, akashikilia kitufe cha moja, akamwambia abonyeze ya pili, na gari lililokuwa hatua tano tu kutoka pale likakaa kimya. Fundi alipoachia kidole, indiketa zikawaka na milango ikafunga. Mjomba alirudi Korogwe akaomba kikao kikae tena asikilizwe, na kikao hicho hakijakaa mpaka leo, wala kaka yake hajaliondoa neno lile. Katika ukoo mzima ni mtu mmoja tu aliyemletea chai siku ile ya kikao na kusema kuwa anamwamini, naye ni mama wa mpwa. Hiyo ndiyo sababu barua hii inamfikia mwanawe na haikungoja msiba mwingine.

Kwa hiyo mpwa na ashike utaratibu huu mpaka uwe mwili wake. Abonyeze akiwa amesimama karibu na mlango. Atazame indiketa, ambazo katika magari mengi ya Japani huwaka mara moja kwa kufunga na mara mbili kwa kufungua. Asikilize mlio wa loki. Kisha avute kitasa kwa mkono, na azunguke avute na cha nyuma walikoshukia abiria, maana mlango usiorudi vizuri huacha gari wazi. Ikiwa mlango haukufunga, asibonyeze mara kumi kwa hasira, bali afunge kwa ufunguo wa chuma ikiwa upo, achukue vyake vyote, na ikiwezekana ahamishe gari mahali pengine, kwa sababu huenda rimoti imeishiwa betri, lakini huenda pia kuna mtu anayetazama.

Kuna jambo moja katika magari ya ufunguo wa mfukoni linalohitaji maelezo, kwa kuwa mpwa amejisifu mbele ya binamu zake kwamba gari lake halihitaji hata kubonyeza ili lifunguke. Ufunguo wa mfukoni ni rimoti inayojibu yenyewe: gari hutuma wimbi dhaifu lenye kufika mita moja au mbili, ufunguo ulio karibu huamka na kujibu, na mlango hufunguka mkono ukigusa kitasa. Gari la namna hiyo halipimwi kwa kuvuta kitasa ovyo, kwani ufunguo ukiwa mfukoni litafunguka tu. Katika baadhi ya magari kitasa hupumzika sekunde chache baada ya kufunga ili mwenyewe avute na kuhakikisha, na ikiwa sivyo, atazame vioo vya pembeni kama vimejikunja au vijiti vya loki kama vimelala. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH Zurich nchini Uswisi walipima magari 10 ya watengenezaji 8 na kuonyesha kuwa watu wawili wanaweza kulidanganya gari kwa kupokezana mawimbi, mmoja akiwa karibu na ufunguo na mwingine karibu na gari, hivi kwamba gari likaamini ufunguo upo mlangoni ilhali upo ndani ya nyumba. Dawa yake ni rahisi: usiku ufunguo usitundikwe ukutani karibu na dirisha, bali uwekwe katika mkebe wa bati wenye kifuniko, kwa maana chuma huzuia mawimbi, na mkebe upimwe kwa kusogea nao hadi mlangoni mwa gari, ambapo gari likifunguka, mkebe huo haufai.

Mengine yanatosha kwa maneno machache. Gari likija kutoka Japani na ufunguo mmoja, mpwa atengeneze wa akiba mapema kwa fundi anayejulikana, wala asiuache ndani ya gari. Ufunguo usiachwe na kijana wa kuosha magari, hata kama ni mpole, kwa sababu nakala hutengenezwa mtu akiwa anakunywa soda. Injini isiachwe ikiunguruma dereva anaposhuka kununua maji au kufungua geti. Namba ya gari ichorwe kwenye vioo vya pembeni, taa na madirisha, ili kifaa kilichoibiwa kisiuzike kwa urahisi. Kadi ya gari isilale ndani ya gari. Mtu akitaka ufunguo kwa silaha apewe, kwani mkopo hulipwa lakini pumzi haikopwi.

Imobilaiza isichukuliwe kuwa kitu kimoja na loki. Hiyo ni kinga inayosoma chipu ndogo iliyomo kwenye kichwa cha ufunguo na kukataza injini kuwaka ikiwa chipu si yake. Umoja wa Ulaya uliifanya kuwa sharti kwa magari mapya tangu mwaka 1998. Nchini Marekani, magari mengi ya Kia na Hyundai ya miaka iliyotangulia 2022 yaliuzwa bila kinga hiyo, na vijana wakajifunza kupitia video za mitandaoni kuyawasha kwa kichwa cha waya wa kuchajia simu. Hata penye imobilaiza wezi hutafuta mlango wa nyuma: mwaka 2022 mtaalamu wa usalama wa magari, Ian Tabor, aliibiwa Toyota RAV4 yake jijini London, na uchunguzi ulionyesha kuwa wezi walijiunga na nyaya za mawasiliano ya gari kupitia upande wa taa ya mbele, wakaliamrisha gari lifunguke kana kwamba ufunguo halali upo. Mpwa akikuta asubuhi bampa au taa imelegezwa, asidhani ni watoto wa mtaani; na amwombe fundi mwaminifu amfungie swichi ya siri ya kukata mafuta, ambayo mwizi hawezi kuiona wala kuidanganya kwa mawimbi.

Kuhusu bima, mpwa aelewe kwamba bima ndogo hulipa madhara yaliyompata mtu mwingine, bali gari likiibiwa hailipi kitu. Bima kubwa ndiyo inayohusu wizi, na gari la mkopo lisilo na bima kubwa humwacha mwenyewe akilipa marejesho ya kitu asichokuwa nacho. Hata hivyo, anayedai fidia huulizwa maswali, na swali la kwanza ni lilelile la kaka mkubwa: kioo kizima, loki nzima, mlango upi? Hapo ndipo wasiwasi wa barua hii unaporudi. Abiria wa Dar es Salaam ataacha mkoba kwenye buti na kushuka pamoja na dereva kunywa chai, na mkoba ukitoweka bila alama ya kuvunja, hakuna atakayemtafuta mwizi wa mawimbi asiyeonekana. Atatazamwa aliyekuwa na rimoti mkononi. Wizi unaovunja kioo huchukua mali, na wizi usiovunja kioo huchukua mali pamoja na jina, na jina halina fundi.

Mjomba haombi zawadi wala fedha. Anaomba siku mpwa atakapokuja Korogwe na gari hilo aliegeshe chini ya mwembe, mahali kikao kilipokaa, mbele ya kaka mkubwa na wengine wote watakaokuwa barazani. Mjomba atakuwa amesimama akitazama mkono wa mpwa. Ukienda kwanza kwenye kitasa cha mlango, ukavuta, ndipo ukaja kumshika mjomba, atahesabu kuwa ameamkiwa kwa heshima zote, na kuwa barua hii ilisomwa.

Ni mjomba wake,
kwa upendo.