Safari Tatu za Darasa la Tano

Katindo ni mtaa mmoja wa mji wa Goma, katika Kivu ya Kaskazini. Mji huo umejengwa juu ya mawe meusi yaliyotoka katika moto. Kusini yake kuna Ziwa Kivu, na kaskazini yake umesimama mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470. Miaka mingi watu wa nchi za mbali walikuja kwa ndege ili wayatazame mambo hayo. Lakini mtoto wa Katindo aweza kukaa hapo miaka kumi na miwili, naye asijue ila njia tatu: njia ya shule, njia ya soko, na njia ya kuteka maji.

Mwalimu mmoja wa darasa la tano aliliona jambo hilo, wala halikumpendeza. Basi mwezi wa Juni mwaka 2019, mvua zilipokwisha, aliwaambia wanafunzi wake: "Jumamosi tatu tutatoka asubuhi na kurudi kabla ya jua kutua. Kila mmoja alete maji ya kunywa, viazi vya kuchemsha, na macho yake."

Watoto wakacheka. "Macho tunayo, Mwalimu."

"Mnayo," akajibu, "lakini bado hayajaanza kazi."

1. Mlima Goma

Safari ya kwanza ilikuwa fupi. Karibu na bandari kuna kilima kiitwacho Mlima Goma. Zamani sana kilima hicho nacho kilitoa moto, kisha kikazimika. Watoto walikipanda kwa mbio, wakafika juu wakihema.

Upande wa kusini waliona ziwa, jeupe kama bati jipya. Kina chake hufika karibu mita 480. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa imerudi. Mitumbwi hiyo hufungwa mitatu pamoja kwa miti mirefu, nayo hutoka usiku na taa ili kuvua sambaza. Mwalimu akawaeleza kwamba sambaza si wenyeji wa Ziwa Kivu: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Watoto wakashangaa, kwa maana wote wamekula sambaza tangu utoto, wakadhani wamekuwako siku zote.

Kisha mwalimu akawageuza waelekee kaskazini. "Nyiragongo ule pale. Mtu akimwaga maji ubavuni pale, yatakwenda wapi?"

Watoto wakanyamaza. Msichana mmoja mdogo, binti wa muuza makaa, akanyosha mkono wake toka mlimani, akaushusha polepole juu ya uwanja wa ndege na juu ya soko, mpaka ziwani. "Yatakuja kwetu, Mwalimu," akasema.

"Umesema kweli. Na lava, yaani mawe yaliyoyeyuka, hufuata njia ile ile ya maji. Lava ya mlima huu ni nyepesi kama uji usioiva. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa juu yake lilimwagika lote kwa muda usiotimia saa moja. Watu wengi walikufa, kwa kuwa ilikuja kasi kuliko mbio za mtu. Basi tazameni vizuri: wapi pameinuka, wapi pameinama, na njia gani yatoka mjini."

Kila mtoto akachora picha ya mji katika daftari lake. Wengine walichora vibaya, lakini wote walichora mteremko.

2. Njia ya moto

Jumamosi ya pili walikwenda katikati ya mji kuitazama lava ya mwaka 2002. Tarehe 17 Januari mwaka huo Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na nyufa zikashuka hata kukaribia uwanja wa ndege. Mto wa moto ukafunika sehemu ya kiwanja wanachotua ndege, ukapita katikati ya maduka na nyumba, ukabomoa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha ukaingia ziwani kwa mvuke mwingi. Watu laki kadhaa walikimbia, wengi wao wakaingia Rwanda. Zaidi ya laki moja walirudi wasikute nyumba zao.

Watoto waliyagusa yale mawe. Ni meusi, makali, yenye matundu kama mkate. Mwalimu akawaonyesha nyumba moja: mlango wake wa sasa ulikuwa zamani dirisha la juu, kwa sababu chumba cha chini kimezikwa ndani ya jiwe.

"Mbona watu walijenga tena palepale?" mvulana mmoja akauliza.

Mwalimu hakujibu upesi. Aliwapeleka kando ya barabara, wakasimama. Punde si punde wakapita watu wa chukudu. Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na injini. Kwenye mteremko mwenyewe hukipanda, na mlimani hukisukuma. Kazi ya chukudu imeheshimiwa sana hapa, hata mjini pamesimamishwa sanamu ya mtu akisukuma chukudu chake. Siku hiyo zilikuwa zimebeba kabeji, karoti, vitunguu na viazi kutoka Kibumba, chini ya milima.

"Kwa nini Kibumba hupatikana vyakula vingi hivyo?" mwalimu akauliza. "Ni kwa sababu majivu na lava ya kale, vikikaa miaka mingi katika mvua na jua, huwa udongo mzuri wa kulima. Kuta za nyumba zetu ni lava. Barabara zetu zimewekwa lava. Mlima ule hutulisha na kutujengea, na siku nyingine hutufukuza. Anayeujua upande mmoja tu, hajaujua."

3. Ziwa la Kijani

Safari ya tatu ndiyo iliyongojwa sana. Walipanda gari, wakashika njia ya Sake, upande wa magharibi, karibu kilomita 10. Huko kuna ziwa dogo lililo ndani ya kinywa cha mlima wa moto uliozimika. Maji yake ni ya kijani, ndiyo maana mtaa wote wa huko huitwa kwa Kifaransa Lac Vert. Kati yake na Ziwa Kivu pana ukuta mwembamba wa ardhi tu. Mtu akisimama juu ya ukuta ule huona maji ya rangi mbili, kijani huku na samawati huku.

Walikula viazi vyao hapo, wakaimba. Kisha wakaanza kurudi kwa miguu kufuata njia nyembamba kati ya mawe. Upepo ukachukua kofia ya mvulana mmoja, ikaanguka katika shimo lenye nyasi laini, kina chake kama kimo cha mtoto. Mvulana akaruka aifuate. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi karibu hapo akamshika mkono kwa nguvu hata akalia.

"Wacha kofia!" mzee akasema. "Kofia hununuliwa."

"Lakini mzee, ni hapo tu!"

"Hapo tu ndipo walipokufa mbuzi wangu wawili. Tazama vizuri, mwanangu."

Wakatazama. Chini, kando ya kofia, alilala ndege mdogo, na mjusi, na panzi wengi, wote wamekufa. Hapakuwa na moshi wala harufu. Mzee akawasha kishungi cha majani makavu, akakifunga kwenye fimbo ndefu, akakishusha polepole. Moto uliwaka vema mpaka ulipofika chini ya ukingo. Hapo ukazimika mara, kana kwamba umetiwa majini.

"Haya ndiyo mazuku," mzee akasema. "Upepo mbaya. Baba zetu walituonya."

Ndipo mwalimu alipoeleza. Chini ya nchi hii hutoka hewa iitwayo kaboni dioksaidi. Katika hewa tunayovuta kila siku imo kidogo sana, sehemu 4 tu kwa kila sehemu 10,000. Lakini katika mazuku huweza kupita sehemu 20 kwa kila sehemu 100, na aingiaye huanguka kabla ya kuita. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Kwa hiyo hukaa mashimoni na mabondeni kama maji katika bakuli. Usiku na alfajiri, pasipo upepo, hujaa zaidi. Jua na upepo huitawanya. Mtu mzima aweza kupita salama kwa kuwa kichwa chake kiko juu, na mtoto au mbuzi anayemfuata akafa. Huko Kamerun, tarehe 21 Agosti 1986, hewa ya namna hiyo ilitoka katika Ziwa Nyos ikashuka mabondeni usiku, nayo iliua watu karibu 1,700.

"Tena msijaribu kupima kwa moto ninyi wenyewe," mwalimu akamaliza. "Mkiona mnyama aliyelala shimoni bila jeraha, rudini nyuma, pandeni juu, mwite mkubwa. Ukimwona mwenzako ameanguka humo, usimfuate, maana mtakuwa wawili."

Kofia ilibaki pale pale. Mvulana alirudi Katindo kichwa wazi.

Watoto walitaka safari ya nne, kwenda mpaka juu ya Nyiragongo, au kwenda Rumangabo wanakotunzwa gorila yatima. Lakini kupanda Nyiragongo toka Kibati huchukua saa tano au zaidi, na wapandao walikuwa wakilala juu kileleni. Si safari ya kutwa wala ya watoto. Mwalimu aliwasimulia tu habari za Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika yote, na habari za walinzi wengi waliokufa wakiwalinda wanyama hao.

4. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021

Miaka miwili baadaye, jioni ya Jumamosi, mbingu ya Goma ikawa nyekundu. Nyiragongo ulikuwa umepasuka tena. Watu wakajaa barabarani na magodoro, sufuria na watoto. Wengine walikwenda Rwanda, wengine wakashika njia ya Sake. Muuza makaa, mke wake na watoto wao walikwenda pamoja na hao wa Sake.

Usiku wa manane wadogo walichoka, hawakuweza tena kutembea. Mama akaona kando ya njia bonde dogo kati ya mawe, lenye nyasi laini, lisilo na upepo. Akatandika kitenge chake.

"Mama, si hapo," akasema yule msichana. "Tupande juu."

"Juu kuna upepo, mwanangu. Mdogo wako anakohoa."

"Upepo ndio mzuri, mama. Hapa chini huenda pana mazuku. Mwalimu alituonyesha."

Mama akamtazama binti yake, akatazama bonde, akakunja kitenge. Walilala juu ya ukingo wa barabara, wamekumbatiana kwa baridi. Msichana akawaita na watu wengine waliokuwa wakishuka bondeni, nao wakapanda.

Asubuhi habari zikafika kwamba lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikuwa wamekufa katika msiba ule, na nyumba nyingi za vijiji vya kaskazini zimeungua. Katindo ilisalimika. Jamaa ya muuza makaa wakarudi kwao kwa miguu. Kama bonde lile lilikuwa na mazuku, hakuna aliyekwenda kupima.

Tangu siku zile vita vimeingia Goma, mwezi wa Januari 2025, na si kila njia hupitika kila wakati. Kabla ya kutoka, mtoto na aulize wazazi wake. Lakini hata njia ya maji ina mengi ya kuonyesha kwa atazamaye: mteremko, mawe, upepo utokako, na mahali palipoinuka. Elimu hiyo haina kodi, wala haichukui nafasi katika mzigo siku ya kukimbia.

Maswali

1. Kwa nini mwalimu aliuliza maji yatakwenda wapi?
2. Lava huleta hasara gani, na huleta faida gani?
3. Kwa nini moto wa mzee ulizimika?
4. Kwa nini mazuku ni hatari zaidi kwa mtoto kuliko kwa mtu mzima?
5. Katika mtaa wako, ni mahali gani palipoinuka kuliko pengine?