Mwenye Kinywa na Mwenye Maneno

Mwalimu wetu wa Kifaransa katika shule ya upili alipenda kutufunza kwa nyimbo. Mmoja ulikuwa ‘Tous les garçons et les filles’ wa Françoise Hardy, nasi tuliukariri kama tulivyokariri hesabu za kuzidisha. Mwimbaji huyo alipofariki mwezi Juni 2024, akiwa na umri wa miaka 80, niliutafuta tena. Safari hii nilikuwa na masikio ya mwanafunzi wa fasihi, na swali lililonijia ni lile la darasani: nafsineni hapa ni nani?

Muziki huo huitwa yé-yé, jina lililoenezwa na mwanasosholojia Edgar Morin katika gazeti la Le Monde mwaka 1963. Waimbaji wake wengi walikuwa wasichana wabichi, na aghalabu waliimba maneno waliyotungiwa na wanaume waliowazidi umri. Hardy alikuwa na bahati, au ukaidi: maneno ya wimbo wake wa mwaka 1962 aliyaandika mwenyewe akiwa na miaka 18. Upweke unaosikika humo ni wake.

France Gall hakuwa hivyo. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, alishinda shindano la Eurovision mjini Naples akiiwakilisha Luxembourg. Wimbo wenyewe, utungo wa Serge Gainsbourg, ulimhusu mwanasesere anayeimba mapenzi asiyoyajua. Mwaka uliofuata Gainsbourg alimpa ‘Les Sucettes’, wimbo wa msichana apendaye peremende za kijiti. Watu wazima waliyatambua matusi yaliyofichwa ndani yake, mwimbaji hakuyatambua. Alipofumbuliwa aliona aibu kubwa, na miaka mingi baadaye bado alieleza alivyojihisi kusalitiwa.

Hapo ndipo ninaposita, maana sisi fumbo tunalijua. Katika taarab fumbo ni silaha ya mwimbaji. Yeye anajua amemlenga nani, hadhira inajua, na mlengwa, akiwapo ukumbini, anajua kuliko wote. Anayeinuka kumtunza mwimbaji huku akimkodolea macho mtu fulani amelifanya fumbo kuwa lake. Anayeachwa nje ni mpita njia. Kwa Gall, aliyeachwa nje ya fumbo ni yule yule mwenye kinywa.

Wapo wanaoshikilia kwamba matini ni matini, na kwamba anayeiimba hatuhusu. Siafikiani nao. Tunapohakiki nyimbo tunamtaja mtunzi, nafsineni na hadhira, kisha tunampita aliyekopesha sauti, ilhali aibu yote ilimwangukia yeye.

Gall alifariki Januari 2018. Mwaka huo huo Hardy, akiwa na miaka 74, alitoa albamu yake ya mwisho. ‘Les Sucettes’ nimeusikiliza mara mbili tu. Sauti ni nyororo, imejaa furaha ya kweli, na ni furaha hiyo inayonifanya niuzime kabla haujaisha.