Kutu Haili Kioo

Nilijifunza faiba kwenye boti kabla sijaigusa gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa kibarua katika yadi ndogo upande wa Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kukata mkeka wa nyuzi za kioo kwa makasi na kuosha brashi kwa asetoni. Mzee aliyenifundisha alikuwa seremala wa mashua aliyeingia kwenye faiba baada ya mbao nzuri kuadimika. Hakuwa na maneno mengi. Siku aliyonikabidhi rola alisema, "Mwanangu, hewa ndiyo adui. Ifukuze." Mkeka ukishalowa rezini, vipovu hujificha kati ya nyuzi, na kila kipovu kinachobaki ni mahali pa kupasukia. Rola hupitishwa taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni, mpaka weupe wa nyuzi upotee kabisa.

Kilichonitoa kwenye boti ni Peugeot 504. Gari hilo lilitoka kiwandani Ufaransa mwaka 1968, na Ove Andersson alipolishindia Safari Rally mwaka 1975, Wakenya hawakuhitaji tangazo jingine. Pijo, kama tulivyoziita, ndizo zilizobeba abiria mji hadi mji, wamebanana, mizigo juu ya paa. Barabara mbovu haikuzishinda. Pwani ndiyo iliyozishinda. Matope hujikusanya ndani ya madigadi, nyuma ya gurudumu na juu ya taa, nayo hewa ya chumvi humalizia kazi. Injini inanguruma vizuri, giaboksi haina tatizo, lakini ukigonga madigadi kwa kidole kinapenya. Mafundi wa kuchomelea walitia kiraka juu ya kiraka, na moto wa kuchomelea ulichoma rangi ya upande wa ndani, kutu ikaanza upya papo hapo. Madigadi mapya ya kiwandani dereva wa teksi hakuyamudu. Nilijiuliza: ikiwa kioo na rezini vinakaa baharini mwaka mzima, kwa nini visikae barabarani?

Wala halikuwa wazo geni. Mwaka 1953, mwaka uleule mashindano ya Safari yalipoanza, Marekani walitoa Chevrolet Corvette yenye bodi ya faiba. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na kiwanda, mimi nilikuwa na banda la mabati nyuma ya nyumba, upande mmoja wazi ili upepo upite. Mke wangu aliniwekea sharti moja: hakuna kopo la kazi litakalovuka kizingiti cha jikoni. Alikuwa na haki. Mvuke wa rezini unaumiza kichwa na unashika moto, na ile dawa ya kugandisha ikiruka machoni inaweza kukupofusha. Kitambaa kilichofutiwa rezini inayoganda hakitupwi kwenye lundo la taka, maana hupata joto chenyewe. Nilikiloweka kwenye ndoo ya maji.

Watu hudhani kazi ni kutengeneza madigadi. Kazi ni kutengeneza kalibu. Nilitafuta madigadi ya chuma yaliyo mazima, nikayaazima kwa wauza vipuri vikuukuu, nikaziba kila tundu na kulainisha kila kovu kwa msasa wa maji mpaka uso ukaakisi sura yangu. Kovu dogo linaloachwa hapo litanakiliwa kwenye kila kipande kitakachofuata, maisha yote ya kalibu. Kisha nta, tabaka baada ya tabaka, kila moja ikisuguliwa hadi ing'ae, na juu yake utando mwembamba wa kuzuia kunata. Palipokuwa na mkunjo wa kuingia ndani, kama ukingo wa gurudumu, niligawa kalibu vipande viwili vinavyofungwa kwa bolti, la sivyo kipande hakitoki bila kuvunjika. Kalibu yenyewe niliifanya nene mara mbili au zaidi ya madigadi, nikaikazia mbao mgongoni, nikaiacha siku kadhaa kabla ya kuibandua. Rezini husinyaa inapokauka. Ukiitoa kabla ya wakati wake, inajipinda na haitanyooka tena.

Baada ya hapo kipande chenyewe ni rahisi. Kwanza jelikoti, ile rezini nzito ya uso, kisha mkeka mwembamba ili nyuzi nene zisijichore juu ya rangi, kisha tabaka mbili au tatu za mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba. Kila tabaka hutoa unene wa karibu milimita moja. Rezini hupimwa kwa mizani, uzito wake mara mbili ya mkeka au zaidi kidogo. Ikizidi, kipande kinakuwa kizito na kinavunjika kama biskuti. Ikipungua, nyuzi zinabaki kavu na hazina nguvu.

Dawa ya kugandisha ndiyo inayohitaji akili ya pwani. Kipimo ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini. Wakati wa kaskazi, jua la Januari likiwaka, hata asilimia 1 ilinitosha, na nilianza kazi alfajiri, maana saa nne asubuhi kopo lingegandia mkononi likitoa moshi. Wakati wa masika sikumwaga rezini kabisa mvua ikinyesha, kwa kuwa unyevu huiacha nyeupe na dhaifu. Na dawa hiyo haikutanishwi kamwe na kile kimiminika cha kobalti kinachoharakisha ugandaji. Kila kimoja huingia kwenye rezini kwa zamu yake. Vikikutana vyenyewe hulipuka. Huo ulikuwa mtihani wa kwanza kwa kila kijana aliyekuja kujifunza kwangu, na aliyeujibu kwa kusitasita alirudi kukata mkeka.

Kuna mambo ambayo boti haikunifundisha. Gari moja lililetwa kwangu likiwa na madigadi ya faiba yaliyofungwa kwingine, na taa za mbele hazikuwaka sawasawa. Fundi umeme alikuwa amebadilisha balbu bila mafanikio. Madigadi ya chuma hurudisha umeme wa taa kwenye bodi. Kioo hakipitishi umeme. Waya mmoja kutoka kwenye taa hadi kwenye chuma cha bodi ulimaliza kesi. Tangu hapo waya huo ukawa sehemu ya kila kazi yangu. Kadhalika bolti: haikazwi moja kwa moja juu ya faiba, maana itaitafuna. Nilizamisha bamba la chuma kati ya tabaka, nikatumia washa pana. Boneti niliipa mbavu kwa ndani, na bamba nene zaidi mahali pa kufuli, kwa sababu boneti ikifunguka kwa mwendo wa kilomita 80 hakuna wa kumlaumu ila aliyeitengeneza.

Kazi iliyonipa jina, hata hivyo, ni ile niliyoikataa. Mzee mmoja wa teksi aliniletea 504 yake iliyooza chuma kinachopita chini ya milango. Ukifungua mlango, unaona lami.

"Fundi, ziba tu kwa faiba, rangi ipite. Wiki ijayo nauza."

"Hapo hapazibwi kwa faiba, mzee wangu."

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Huu si ufa tena. Ni ukuta ulioanguka."

Aliondoka kwa hasira, na majirani walinicheka kwa kufukuza pesa. Lakini 504 ya abiria haina fremu ya peke yake kama Land Rover za wakati ule. Bodi yake ndiyo fremu, na chuma kile cha chini ndicho kinachobeba watu na kupokea kishindo gari likigongwa. Madigadi na boneti hufungwa kwa bolti, hayabebi mtu. Najua Lotus ya Uingereza ilitoa Elite mwaka 1957 ikiwa na bodi ya faiba inayobeba uzito wote, ila gari hilo lilisanifiwa hivyo tangu kwenye karatasi. Huwezi kuipachika Pijo mifupa ya kioo na kumwambia mnunuzi kwamba ni nzima. Mzee yule alirudi baadaye. Chuma kilikatwa na kuchomelewa kipya kwa fundi ninayemwamini, nami nikamfungia madigadi.

Mitumba ya Japani ilipojaa barabarani, Pijo zilipungua, na kwa muda niliishi kwa bampa za matatu. Halafu wakaja wateja wa aina nyingine: wenye magari ya zamani wanaoyapenda. Tangu Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani, ilipoanza mwaka 2003, watu wameanza kutazama tena Datsun na Escort zilizolala chini ya miembe. Kalibu zangu za 504 bado zipo, na vijana niliowafundisha sasa wana mabanda yao.

Kwa anayetaka kuanza nyumbani, nasema hivi. Nunua barakoa ya mvuke yenye vichujio kabla ya kununua rezini, maana kitambaa cha pua hakizuii mvuke. Anza na kitu kidogo, kifuniko cha betri au ukingo wa gurudumu, uijue rezini yako katika hali ya hewa yako. Usione uchungu kutumia muda kwenye kalibu. Na mteja akikuomba ufunike chuma kilichooza, mwambie hapana hata kama huna mteja mwingine. Faiba hutengeneza gari vizuri kuliko chuma mahali pake. Mahali pasipo pake, inaficha hatari tu, na fundi anayeificha anaijua.