Mbwa Kali: Safari ya Kutoka Jericho

Wahenga walinena kuwa kutembea kwingi ni kuona mengi. Sikudhani kwamba siku moja ningeipima methali hiyo nikiwa ndani ya gari aina ya Probox, nimebanwa baina ya hema la kuazima na mbwa wawili wanaotapika kwa zamu.

Nianze na kibao. Katika lango la nyumba tuliyolelewa mtaani Jericho, Eastlands, palining'inia kipande cha bati ambacho marehemu baba alikiandika kwa rangi nyekundu: MBWA KALI. Msomaji aliyepita mitaa ya Nairobi hana haja ya kuelezwa. Kibao hicho kipo Buruburu na Umoja, kipo Karen na Muthaiga, na mara nyingine kipo hata pasipo mbwa. Nilipojiunga na chuo kikuu na kufunzwa ngeli ya A-WA, nilirudi nyumbani na ari ya mwanafunzi mpya. Nikamweleza baba kuwa mbwa ni kiumbe mwenye uhai, hivyo basi kivumishi sharti kichukue kiambishi: mbwa mkali. Nikaongeza kuwa huenda kosa hilo ni masalia ya Kisetla, kile Kiswahili cha walowezi na watumishi wao kisichojali upatanisho. Baba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, mwizi hasomi sarufi.” Kibao kikasalia kilivyo.

Kusema kweli, kilikuwa kimekosea mara mbili, kwani mbwa wetu hakuwa mkali. Simba alikuwa mbwa wa rangi ya kahawia, mpole, aliyemtambua kila mtoto wa mtaa. Kila jioni alimngoja baba langoni, na baba hakuingia ndani kabla ya kumpapasa kichwani. Baadaye aliongezeka Popi, jike mdogo ambaye hatukusumbuka kumtafutia jina. Nairobi nzima humwita mbwa mdogo hivyo.

Baba alipofariki tulimzika kwetu mashambani, upande wa Kibwezi, kama ilivyo ada ya wengi wetu. Mama alibaki huko. Nami, kwa mfuko wa mwanafunzi wa uzamili, nilihamia chumba kimoja gorofani Umoja, ambako sheria ya nyumba ilikuwa imebandikwa ngazini: hairuhusiwi kufuga. Jirani yetu wa Jericho alikubali kuwalisha mbwa kwa muda. Muda huo ulipotimia miezi minne, alinipigia simu kwa adabu kubwa akaniuliza, “Sasa, mwanangu, hawa ni wa nani?”

Swali hilo lilininyima usingizi. Tulikuwa tumemsafirisha baba, tukasafirisha vyombo, vitanda na hata kuku. Mbwa tuliwaacha. Nilimpigia mama, naye akajibu kwa neno moja: “Walete.”

Lakini utawaletaje? Basi la kwanza lilinikataa kabla sijamaliza salamu. La pili lilitaka niwafunge guniani na kuwatia kwenye buti, nami nikakataa. Ndipo rafiki yangu wa utotoni, ambaye huuza mayai kwa jumla, alipojitolea gari lake. “Tena tutapiga kambi njiani,” akasema, macho yakimng'aa. “Kwani kupiga kambi ni kwa watalii pekee?” Hema tuliazima kwa kijana mmoja aliyekuwa skauti.

Tuliondoka Jericho saa nane mchana, mwezi wa Agosti, tukafuata Jogoo Road hadi Donholm, kisha Outer Ring, hatimaye Barabara ya Mombasa. Mbwa wa Eastlands hajazoea gari. Hufungwa mchana, hufunguliwa usiku alinde, na dunia yake huishia mwisho wa uchochoro. Wenzake wa upande wa pili wa jiji hutembezwa kwa kamba msituni Karura. Tulipofika Mlolongo, Popi alikuwa ameshatapika mara mbili. Simba alikaa wima, akitazama malori kana kwamba anayahesabu. Tulisimama Kyumvi, tukasimama Salama, tukasimama Sultan Hamud, kila mara kwa ndoo na matambara. Tulipoingia Emali jua lilikuwa limeshatua.

Nyumba ya wageni tuliyoijaribu ilitupokea sisi na kuwakataa wao. Hifadhi za taifa, kama Tsavo na Chyulu zilizo ng'ambo kidogo, haziruhusu mbwa, nayo hoja ya kuwakataza ni nzito. Mnamo 1994 ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa wa kawaida uliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wa huko. Hivyo Simba wetu, kwa jina lake kubwa, angeweza kuwa hatari kwa simba wa kweli.

Mzee mmoja mwenye shamba kando ya mji ndiye aliyetuokoa. Nilimwamkia kwa Kikamba changu cha kuokotaokota, akacheka, akatujibu kwa Kiswahili. Kabla ya kuuliza majina yetu aliwaelekezea mbwa tochi. “Wamechanjwa?” Nikatoa kadi zao. Alizisoma zote mbili, mstari kwa mstari, kisha akasema, “Hapa tuna watoto, kijana. Mbwa asiye na kadi halali kwangu.” Sikuchukia. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishamtokea mtu, ni nadra mno apone. Kinga yake ni kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha kukimbilia chanjo. Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, na Makueni ni miongoni mwa kaunti za mwanzo kulengwa. Mzee yule hakunitajia mpango wowote. Alinitajia mtoto wa jirani yake, kisha akanyamaza, akatuonyesha mahali pa kusimika hema.

Tulikoka moto, tukala mkate na mayai, ambayo kwa rafiki yangu hayakosekani. Kimya cha mahali pale kilikuwa kigeni kwetu sote wanne. Jericho usiku kuna matatu, kuna kesha la maombi, kuna mlevi anayeimba. Hapa palikuwa na upepo tu. Kitambo kidogo fisi akalia kwa mbali. Mbwa Kali, mlinzi wa lango letu kwa miaka tisa, aliingia hemani kwa kichwa, akanipanda kifuani, akatetemeka hadi usingizi ukamchukua. Rafiki yangu alicheka mpaka machozi. Nami nilicheka, ila mkono wangu ulikuwa juu ya kichwa chake, pale pale alipozoea kupapaswa na baba. Nilitambua kuwa tangu mazishi sikuwa nimemgusa.

Nikiwa macho, niliwazia neno kambi. Nairobi yenyewe ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899. Mitaa mingi ya kale ya Eastlands ilijengwa kwa ajili ya vibarua na makarani ambao wakoloni hawakutaka watulie; walitakiwa wafanye kazi, kisha warudi makwao. Wazazi wetu waliirithi fikra hiyo. Miaka thelathini na mitano baba aliishi Jericho, na miaka yote hiyo alipotamka “nyumbani” alimaanisha Kibwezi. Mimi niliyezaliwa Jericho nikitamka “nyumbani” namaanisha nini? Simba hakuwa na utata huo. Kwake nyumbani palikuwa pale baba aliporudi jioni, na siku baba alipokosa kurudi, hakuna aliyemweleza.

Alfajiri tuling'oa hema, tukamshukuru mzee, tukashika njia. Makindu tulipata chai katika hekalu la Makalasinga lililojengwa 1926, ambalo hadi leo humkirimu msafiri bila kumwuliza dini wala kabila. Tuliingia kwa zamu, mmoja akibaki garini na mbwa.

Tulifika kwa mama saa nne asubuhi. Nakiri kwamba nilikuwa nimejiandalia tukio: nilitarajia Simba alifikie kaburi la baba, asimame, ainamishe kichwa. Fasihi imetuzoesha vibaya. Simba alilipita kaburi bila kulitazama, akawakimbilia mbuzi, na beberu mmoja akamrudisha mbio. Kisha akamwona mama. Alisimama kidogo, akanusa hewa, na mlio alioutoa sijawahi kuusikia tena. Mama aliketi chini, mavumbini, na leso yake safi, akamkumbatia. Mama, ambaye Jericho alikuwa akimfukuza jikoni kwa mwiko.

Nilikuwa nimekibeba kibao. Nilipokuwa nikikigongelea langoni, mama alikisoma, akaniuliza, “Wewe msomi, si uliwahi kusema pana kosa hapa?” Nikamjibu kuwa kosa lipo, lakini mwandiko ni wa baba.

Simba aliishi huko mwaka mmoja na nusu. Popi angali yupo, na mama husema amejifunza mbuzi. Wanafunzi wenzangu, sisi hupenda kusahihisha, nayo ni kazi njema. Vibao vya jiji hili vinatuhitaji. Hata hivyo, nikipita Jogoo Road na kuona lango lenye maneno yale mawili, kalamu yangu nyekundu huniganda mfukoni. Hujiuliza kwanza ni nani aliyeyaandika, na mbwa wake anamngoja nani jioni hiyo.