Jibu Likiwa Njiani

Kisawazisha mzigo hukaa kati ya vivinjari na kundi la seva. Kazi yake ya asili ni kugawa maombi ili seva moja isielemewe huku nyingine zikikaa bure. Lakini kwa kuwa kila jibu hupitia kwake likirudi, kinaweza pia kulifungua, kubadili maandishi yaliyomo na kulifunga tena kabla mtumiaji hajaliona. Kazi hii ya pili ndiyo iliyokula miaka mingi ya mwandishi wa tawasifu hii, fundi wa mitandao aliyeajiriwa Dar es Salaam nchi ikiwa bado inategemea setilaiti, kabla mkongo wa SEACOM haujawashwa mwaka 2009.

Mkongo ulipokuja, taasisi nyingi zilihamishia huduma zao mtandaoni kwa mifumo iliyonunuliwa zamani. Mfumo aliokabidhiwa fundi huyu ulikuwa wa aina hiyo: msimbo wake haukuwepo, na aliyeuandika hapatikani. Kila ukurasa ulibeba viungo kamili vinavyoanza na http:// pamoja na jina la ndani la seva. Usimbaji wa HTTPS ulipowekwa kwenye kisawazisha mzigo, seva ziliendelea kuamini kwamba zinazungumza HTTP tupu, na viungo vikabaki vilevile. Kwanza yalikuwa maonyo tu. Kisha, Agosti 2013, Firefox 23 ilianza kuzuia skripti za HTTP ndani ya kurasa za HTTPS, na fomu zikaacha kufanya kazi.

Hatua iliyo nafuu kuliko zote ni kugusa vichwa vya jibu pekee. Seva ikimwelekeza mtumiaji kwingine, anwani mpya huwekwa kwenye kichwa cha Location. Kuirekebisha hapo ni kazi ya mstari mmoja, na katika Apache agizo la ProxyPassReverse hufanya hivyo bila kugusa mwili wa jibu. Mafundi wengi wangefanya vyema kuishia hapo.

Mwili ni shughuli nyingine. Kivinjari hutangaza kupitia Accept-Encoding kwamba kinapokea data iliyobanwa kwa gzip, seva nayo hubana, na sheria inayotafuta "http://" haioni kitu. Haitoi hitilafu yoyote; inapita kimya. Dawa ni kufuta kichwa hicho ombi linapoelekea kwenye seva, kisha kisawazisha kibane chenyewe wakati wa kurudi. Baada ya hapo kuna hesabu ya urefu. Kila http inayogeuzwa kuwa https huongeza baiti moja. Ukurasa wenye viungo 40 ukipelekwa na Content-Length ya zamani, kivinjari hukata baiti 40 za mwisho. Kwa hiyo urefu huhesabiwa upya, au jibu hutumwa kwa vipande, kila kipande na kipimo chake.

Katika BIG-IP ya kampuni ya F5, sheria huandikwa kwa lugha ya Tcl na huitwa iRules. Zinatoa njia mbili. Ya kwanza hukusanya mwili wote kwenye kumbukumbu kisha kuubadili, na mifano mingi ya kazi hii huweka kikomo cha megabaiti 1, maana watumiaji wakiwa wengi kumbukumbu huisha haraka. Ya pili hubadili mkondo unavyopita na hukumbuka mwisho wa kila kipande, kwa sababu neno linalotafutwa huweza kukatwa katikati, nusu hapa na nusu kule. Fundi huyu aliipendelea ya pili. Nginx ina sub_filter, yenye tabia iliyowakosesha wengi usingizi: usipoelekeza vinginevyo, hubadili tokeo la kwanza tu, na kurasa zilizotajwa kuwa za HTML pekee. HAProxy, ambayo mafundi huisifu kwa wepesi, inajua kurekebisha vichwa lakini haikuundwa kwa ajili ya kufuma mwili upya.

Mtego mkubwa kuliko yote ni kubadili http:// kila inapoonekana. Katika XML, http://www.w3.org/2000/svg ni jina la msamiati wala si mahali pa kwenda. Ukiligeuza kuwa https, kivinjari hakiutambui tena mchoro wa SVG uliotumwa kama faili la XML. Sheria lazima itaje jina la seva husika. Kwenye JSON anwani hiyo hiyo huweza kuandikwa http:\/\/, hivyo hukwepa sheria ya kawaida. Skripti iliyofungwa kwa alama ya Subresource Integrity ikibadilishwa hata herufi moja, kivinjari huikataa. Na pale usimbaji unapofunguliwa kwenye seva yenyewe, kisawazisha hakioni chochote cha kubadili.

Kwa maoni ya mwandishi, ubaya hasa wa sheria hizi ni kwamba mtayarishaji wa programu hazioni: anasoma msimbo wake, analinganisha na ukurasa, na haelewi tofauti imetoka wapi. Ndiyo maana mfumo mpya uliponunuliwa, sharti moja la zabuni lilikuwa usome X-Forwarded-Proto, kichwa ambacho kisawazisha huiambia seva kwacho kwamba mtumiaji amekuja kwa HTTPS, na uunde viungo vyake ipasavyo. Kurasa za zamani zilizosalia ziliongezewa agizo la upgrade-insecure-requests, ambalo hukiachia kivinjari chenyewe kuomba picha na skripti kwa HTTPS. Sheria za mwili zikafutwa moja baada ya nyingine, zikabaki za vichwa tu.